Naomba ushauri: Squid Game niendelee au niishie sizoni ya kwanza?

Wakuu, salaam. Najua nimechelewa na Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea ambayo watu wenye madeni wanacheza michezo kugombea fedha, na anayeshindwa anauawa. Wenzangu mliimaliza tangu 2021, mimi nimeimaliza juzi, episodi zote 9 kwa siku mbili. Bando limekata na usingizi umekata. (Kama hujaiangalia, pita tu.)

Kilichonishika ni kwamba michezo yenyewe ni ya kitoto kabisa. Gi-hun, mhusika mkuu, anailamba ile peremende ya sukari kwa nyuma, jasho linamtiririka, ili umbo la mwavuli lililochorwa juu yake litoke bila kuvunjika, nami huku nimebana pumzi. Halafu ile ya gololi! Mchezaji Ali anamwamini mchezaji mwenzake Sang-woo kama kaka yake, kuja kufungua kifuko chake, anakuta vijiwe vitupu. Nilizima TV nikaenda kunywa maji.

Walioniharibia ni wale matajiri wa vinyago vya dhahabu wanaokuja kutazama michezo. Wanaongea kama wanasoma ubaoni. Yule polisi anayemtafuta kaka yake naye kaachwa ananing'inia.

Sasa jirani yangu anasema sizoni ya pili, yenye episodi 7, ni kura baada ya kura za wachezaji kuamua waendelee au waache, halafu inakatika katikati, mpaka uitafute ya tatu. Ni kweli? Inafaa bando?

La pili, mpwa wangu wa miaka 13 ananing'ang'ania tuiangalie pamoja, shuleni wanaihadithia. Kwenye damu nitamziba macho, ila kwenye gololi nitamziba nini? Mlioangalia na watoto, mlifanyaje?