Mikoba ya kitenge yenye wahusika wa filamu: nichore sura, nitumie rangi tu, au niache?

BintiMikoba: Habari zenu wapendwa. Nashona mikoba ya kitenge. Nimepata oda ya mikoba 40 yenye mambo ya filamu, na advansi nimeshapokea. Nawaza kuchora sura ya mhusika kwa mkono, au kutumia rangi na mapambo tu bila sura wala jina, au kumshawishi mteja achukue michoro yangu. Ipi salama kisheria? Kitambaa bado sijakata.

FundiKeko: Filamu ipi? Inauzwa wapi? Jina litaandikwa? Hujasema kitu bado.

BintiMikoba: Ile ya simba ya kampuni ya Disney, The Lion King, yenye wimbo wa "Hakuna Matata". Mteja yuko Arusha, anauzia watalii.

MzeeBatiki: Chukua njia ya rangi, mwanangu. Hakimiliki hailindi wazo. Simba, machweo na mbuga havina mwenyewe. Kinacholindwa ni simba yule wa filamu alivyochorwa. Mimi nauza picha za simba za mtindo wa uchoraji wa Tingatinga na watalii wananunua.

ShangaziTanga: Binti, sikiliza yaliyonikuta. Nilifuma wanasesere wa binti mfalme wa filamu moja ya katuni, kila uzi kwa mkono wangu, usiku baada ya watoto kulala. Nikawaweka kwenye duka moja kubwa la mtandaoni na kuandika: "Si bidhaa rasmi, wamebuniwa kutokana na filamu." Niliamini maneno hayo yananikinga. Asubuhi moja nakuta matangazo 14 yameondolewa, akaunti imefungwa, fedha za wateja watatu zimeshikiliwa. Barua pepe ilikuwa ya mistari minne: mwenye haki amelalamika. Kumbe maneno yangu yalikuwa ushahidi kwamba nilijua. Kushona kwa mkono hakukupi ruhusa.

KijanaLikoni: Mimi nanunua kitambaa rasmi chenye picha tayari. Si nimeshalipia?

FundiKeko: Soma pindo la kitambaa. Vingi vimeandikwa ni vya matumizi ya nyumbani, si biashara.

KijanaLikoni: Halafu hao hao Disney wakasajili "Hakuna Matata" kama alama ya biashara! Lugha ya bibi zetu!

MzeeBatiki: Waliomba Marekani mwaka 1994, wakapewa 2003, kwa ajili ya fulana. Watu walilalamika sana mwaka 2018, na mimi iliniuma.

FundiKeko: Inauma, lakini tusipotoshane. Hakuna anayekatazwa kuyasema. Alama ya biashara hubana matumizi ya kibiashara kwenye bidhaa zilizosajiliwa na zinazofanana nazo, katika nchi iliposajiliwa. Hakimiliki ni jambo lingine, ndiyo maana jina na sura vinaangaliwa kila kimoja peke yake.

KijanaLikoni: Bado ni wizi.

BintiMikoba: Nilisahau kusema: mikoba 15 inakwenda kwa ndugu yake Marekani, atauza mtandaoni.

ShangaziTanga: Ungelisema mwanzoni! Usichore sura hiyo.

MwalimuSanaa: Chora simba wako, ukaisajili michoro COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Jina la biashara yako nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

BintiMikoba: Nimempigia mteja. Anang'ang'ania sura ileile, anasema Arusha wote wanauza. Nimemwomba siku mbili.

ShangaziTanga: Advansi umeigusa?

BintiMikoba: Nimenunulia zipu na bitana.

KijanaLikoni: Bitana unachukua wapi? Huku Mombasa imepanda.

MzeeBatiki: Kariakoo kwa jora ni nafuu, ila pima mwenyewe kabla hujalipa.