Holsta ya kifundoni: kuna mtu anavaa huku Arusha/Moshi? Naombeni ushauri kabla sijaagiza

Chalii_wa_Njiro
Wakuu habarini za jioni. Mimi nipo kwenye biashara ya mawe, nazunguka sana mjini, Mirerani na mara moja moja Moshi. Mguu wa kuku (bastola) ninao kihalali kabisa, leseni ipo, ni Glock 19. Sasa shida ni kiunoni, nikichomekea shati inachora, nikiachia shati nje naonekana kama sijielewi mbele ya wateja, na mtu akishajua umebeba chuma ndo umeshamtangazia kwamba una kitu cha kulinda. Nimeona kuna hizi holsta za kuvaa kwenye kifundo cha mguu, za lastiki na velkro, nataka kuagiza. Je unaweza kushinda nayo siku nzima? Inavaliwa mguu gani? Na suruali zangu nyingi ni modo, zile za kubana mguu, hapo inakuwaje?

Mzee_wa_Kijenge
Kijana wangu kabla ya holsta anza na uzito. Glock 19 ikiwa tupu iko kwenye gramu 600 hivi, ukiijaza risasi zake 15 inakaribia gramu 850. Hiyo ining'inie kifundoni toka asubuhi, ikifika saa nane mchana unatembea kama mtu aliyefungwa hogo na kila mtu anakuuliza mguu umefanyaje. Kifundo kinataka vitu vidogo. Ruger LCP ya .380 tupu haifiki hata gramu 300, zile rivolva fupi za Smith & Wesson za risasi 5 zenye bodi ya alumini zipo gramu 400 na kitu, Glock 43 inacheza kwenye nusu kilo. Glock 26 kwa maoni yangu ndo mwisho wa reli, zaidi ya hapo unajitesa. Na najua utasema ubadilishe, lakini bastola sio simu, leseni yako inasoma silaha ile ile na namba yake, ukitaka nyingine unaanza upya kule kwa wenyewe.

Kuhusu mguu, kama unatumia mkono wa kulia basi vaa mguu wa kushoto, upande wa NDANI, kitako cha bastola kiangalie nyuma, ukiinama mkono unakikuta chenyewe. Ukiweka upande wa nje utagonga kila mlango na kila kiti. Ila hapa kwetu usukani uko kulia na klachi tunakanyaga kwa mguu huo huo wa kushoto, kwahiyo kama gari yako ni manyuali jaribu kwanza umepaki, uone kama haikwami chini ya dashibodi. Otomatiki haina neno.

Mangi_Soweto_Moshi
Mzee kamaliza kwenye uzito, mi naongezea jasho. Nyie wa Arusha mnavaa majaketi mwezi wa saba, huku Moshi joto halina adabu. Vaa soksi ndefu ya pamba halafu holsta ije JUU ya soksi, sio kwenye ngozi, vinginevyo utababuka na velkro itakuchubua. Tafuta yenye manyoya ya kondoo au sponji nene kwa ndani. Na hiyo ya lastiki tupu achana nayo, lastiki ikishazoea jasho inalegea na bastola inaanza kushuka taratibu mpaka kwenye kiatu. Chukua yenye mkanda wa pili unaopita juu ya kigimbi, chini ya goti kidogo, huo ndo unaobeba mzigo wenyewe.

Kingine vumbi. Kule chini ni karibu na ardhi jamani, vumbi la njia ya Mirerani na nyuzi za soksi vyote vinaingia mle. Ya kiunoni unaweza kujisahau ukaisafisha ukikumbuka, ya kifundoni kila wiki toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, futa, paka mafuta kidogo sana. Mafuta mengi yanashika vumbi zaidi. Kutu inaanzia upande unaogusa mguu, angalia hapo.

Abuu_Ngarenaro
Na sisi wa udhu je? 😂 Unakunja suruali pale bombani msikiti mzima unakuangalia. Kifundoni kwangu ilishafeli hapo hapo, Ijumaa chuma kinabaki kwenye sefu nyumbani

Chalii_wa_Njiro
Hahaha Abuu hilo sikuliwaza kabisa. Asanteni wazee. Sasa hizi modo ndo basi tena? Na kuhusu kuchomoa, naona kwenye video wanafanya haraka haraka

Mama_Cherehani
Mimi sijui bastola najua suruali. Modo haifichi hata pochi, achana nayo. Nina wateja wa kazi zenu hizo, nawashonea mguu ulionyooka, mzunguko wa chini inchi 18 mpaka 19, kitambaa kizito kidogo cha rangi ya giza kisichong'ang'ania mguu. Urefu ndo watu wanakosea, anapimwa amesimama anaridhika, akikaa suruali inapanda mpaka katikati ya mguu kila kitu nje. Mi nampima amekaa, tena na viatu atakavyovaa, naongeza kama inchi moja. Na boda boda sahau, ukipanda tu suruali inakimbia juu.

Afande_Mstaafu
Hizo video msidanganyike. Kifundoni hakuna haraka. Umesimama, mtu yuko hatua tatu mbele yako, mpaka uiname umeshachelewa. Namna inayoeleweka ni kupiga goti la kulia chini, mkono wa kushoto unashika suruali sehemu ya gotini unaivuta juu kwa nguvu, wa kulia ndo unachomoa, mikono yote miwili ina kazi. Inapofaa kweli ni kwenye gari, umekaa umefunga mkanda, ya kiunoni imebanwa na mkanda na ya kifundoni unaifikia. Ndo maana wengi wanaiweka bastola ya PILI kule, sio ya kwanza. Fanya mazoezi nyumbani na silaha TUPU, risasi ziwe chumba kingine kabisa.

Halafu kurudisha. Usiinamie mguu ukaanza kuisukuma ndani wakati holsta imefungwa, mdomo wa bastola unaangalia unyayo wako mwenyewe na suruali inaweza kuingia kwenye triga. Vua holsta yote, ingiza bastola ukiwa unaona, funga kile kifungo cha juu kinachofunguliwa kwa kidole gumba, ndo uvae. Na triga iwe imefunikwa yote na kitu kigumu, sio kitambaa, Glock haina loki ya pembeni ya kukuokoa.

Ukishavaa iache. Vibaka pale mjini wanajua kusoma mtu anayeinama kujipapasa mguu kila dakika.

Mzee_wa_Kijenge
Afande umenena. Niongezee, kwenye ule ukuta wa machimbo ya tanzanite Mirerani wa kilomita 24.5 watu wanapekuliwa getini, benki nako ni hivyo hivyo, kwahiyo useme mapema kabla hujapapaswa, mlinzi akiigundua mwenyewe kwenye soksi hatafikiria kwamba una leseni. Leseni tembea nayo. Na kama siku hiyo kuna nyama choma na vitu vya baridi, chuma kibaki ndani, sheria ya silaha ya 2015 haina urafiki na mlevi mwenye bastola.

Chalii_wa_Njiro
Nimewaelewa. Hii 19 naiacha kiunoni, natafuta holsta ya ndani ya suruali inayobana vizuri na mashati ya kuachia nje yenye mkato wa heshima. Ya kifundoni nitaifikiria siku nikipata kibali cha kitu kidogo. Mama Cherehani mashati unashona au ni suruali tu?

Mama_Cherehani
Nashona vyote. Njoo nayo hiyo holsta ikiwa tupu nikupimie juu yake, bastola usiniletee dukani kuna watoto

Abuu_Ngarenaro
Mimi naomba kanzu yenye nafasi 😂