Kuonja waini Naivasha na gari la kulala, tukitoka Kisumu

NyarMilimani:
Hamjambo wadau, naomba mwongozo. Ile HiAce yetu iliyokuwa ya kubeba abiria tumeitoa viti vya nyuma, fundi akatuwekea kitanda cha mbao na meko ya gesi, sasa iko tayari kwa safari. Tunataka kutoka Kisumu tupande Kericho mpaka Naivasha tuone mizabibu na tuonje waini hapo hapo inapotengenezwa. Nilikunywa waini nyeupe ya Leleshwa kwa harusi ya binamu yangu na tangu hiyo siku nimekuwa nikitamani kuliona shamba inakotoka. Je, unaingia tu ama lazima upange? Gari linaweza kulala ndani? Na nani ataendesha kama mimi na mzee wote tunaonja? Mama mkwe anakuja pia, yeye hagusi pombe, na sitaki ashinde kwa gari akitungoja.

ShambaNjoro:
Karibu dada. Zabibu za Leleshwa zinatoka shamba la Morendat, huko Naivasha. Usifike bila kupiga simu, tena siku kadhaa mapema, kwa sababu hilo ni shamba la kazi, si baa, na kama hakuna mtu wa kuwatembeza mtarudishwa getini. Uliza pia mizabibu iko hatua gani. Huku kwetu karibu na ikweta hakuna msimu wa theluji wa kulaza mmea, mkulima ndiye anaulaza akiupogoa, kwa hivyo unaweza kufika ukute vijiti vitupu kwa waya ama ukute vichala vimejaa, na hiyo ni tofauti kubwa kwa mtu ametoka Kisumu. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu hiyo hiyo. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mchana jua linawaka na usiku unatafuta sweta, na hiyo baridi ya usiku ndio inafanya zabibu ibaki na ule ukali mzuri mdomoni. Tafadhali msichume zabibu bila kuuliza, pengine zimepigwa dawa jana.

DerevaA8:
Kulala shambani msitegemee. Laleni kambi za kando ya ziwa, barabara ya Moi South Lake, kuna Fisherman's Camp na Carnelley's. HiAce muiache kambini, mchukue teksi iwapeleke shambani, iwangoje, iwarudishe. Hilo la nani ataendesha nalijibu bila kuzunguka: aliyeonja asishike usukani, hata kama anajiona yuko sawa, Alcoblow, kile kipima pombe cha polisi, haijali ulikunywa kidogo kwa sababu ya utalii.

Halafu njia. Kisumu mpaka Nakuru ni kama kilomita 180, na Naivasha kama 70 mbele. Mkishapita Mau Summit, ule mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa mshuke na gia ndogo, gari lenu sasa limebeba kitanda, maji na gesi na breki zikipata moto hazishiki. Pitieni hapo mchana. Usiku malori yanakuwa mengi na mengine hayana taa za nyuma.

NyarMilimani:
Asanteni sana, teksi sikuwa nimeifikiria kabisa. Na mama je? Halafu mimi kusema kweli sijui kuonja, nikipewa glasi namaliza.

MpishiSection58:
Mama apande boti aende Crescent Island, kule anatembea polepole karibu na twiga na pundamilia, atafurahi kuliko nyinyi. Jioni tu mwambie asikaribie maji, viboko hutoka kula nyasi giza likiingia, na ule waya wa umeme wa kambi haukuwekwa kwa urembo.

Kuonja si kumaliza glasi dada yangu. Anzeni na nyeupe, nyekundu baadaye, ukianza na nyekundu kama Shiraz ulimi unachoka na ile nyeupe utaiona kama maji. Zungusha glasi, weka pua ndani kabisa, vuta. Nyeupe ya Sauvignon Blanc mara nyingi inanukia nyasi zilizokatwa sasa hivi, pera, passion. Kisha piga funda dogo, lizungushe mdomoni, na ukitaka uteme, ndoo ya kutemea huwekwa kwa kazi hiyo na hakuna mwenye shamba anayekasirika. Kuleni kabla ya kwenda, chapati na mayai zinatosha, na kila mtu awe na chupa yake ya maji.

Chupa mtakazonunua msiziache kwa dashibodi wala nyuma ya kioo. HiAce iliyofungwa madirisha juani inakuwa tanuri, na waini ikishapata joto hilo hairudi. Zilaze chini ya kitanda, zifunge na leso zisigongane, na mkifika Ahero kwenye joto la huko msisimame sana kununua mchele kabla hamjafika nyumbani.