Diski mpya ya GB 80 inagandisha kompyuta ya 1998, mfumo endeshi FreeBSD 4.11

BintiMicheweni
Assalaam alaykum. Niko Wete. Kompyuta ni ya marehemu baba, Pentium II ya 1998. Ndani mna maneno ya wavuvi na mafundi wa madau aliyoyakusanya Micheweni tangu anasomesha skuli: majina ya pepo, ya samaki, ya sehemu za chombo. Wengi waliompa maneno hayo wameshatangulia mbele ya haki. Sasa diski yake ya GB 6 imeanza kugonga tak, tak kila nikiwasha, na roho inagonga nayo.

Nimeagiza diski ya GB 80 Unguja, ikaja na boti mpaka Mkoani. Ni IDE, aina ya diski za waya mpana, pini 40 kama ya zamani. Nimeichomeka kwenye waya ule ule. Nikiwasha, mashine inahesabu memori, inaandika kuwa inatafuta diski, halafu kimya. Nimengoja mpaka adhana ya alasiri, haikusogea. Nikichomoa mpya, inawaka vizuri. Dukani wameniambia ninunue mashine nyengine. Hilo sikulikubali.

fundi_darajani
Wa alaykum salaam dada. Jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini nyuma ya diski, umezitazama? Diski zote mbili zikiwa master (ya kwanza) zinagombania waya. Ya zamani iwe master, mpya slave (ya pili). Mchoro uko kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Na safisha pini, hewa yetu ya bahari inazitia kutu ya kijani.

BintiMicheweni
Ahsante kaka. Mpya nimeifanya slave, pini nimezisugua kwa spiriti. Inaganda pale pale.

mzee_wa_keneli
Binti yangu, usiigonge tena hiyo mashine. Kwanza chomoa diski mpya, washa kwa ya zamani, chomeka flashi, ifungue kwa `mount -t msdos /dev/da0s1 /mnt`, nakili maneno ya baba. Ni maandishi matupu, hayatakula nafasi. Mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Bayosi (programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya mfumo) nyingi za kabla ya katikati ya 1999 zikikutana na diski inayozidi GB 33.8 hukosea hesabu: idadi ya silinda hupita 65,535, namba kubwa kuliko zote inayoingia katika biti 16, na mashine huganda. FreeBSD haina kosa, hata haijafikiwa.

Njia mbili. Ya kwanza: diski mpya ikiwa nje, ingia bayosi kwa kitufe cha Del, Primary Slave iweke None, hifadhi, zima, ndipo uichomeke. Keneli, yaani kiini cha FreeBSD, inaiuliza diski yenyewe, haingoji bayosi, kwa hiyo utaipata yote. Lakini kuwasha bado utaitegemea ile inayogonga. Ndiyo maana kwako naichagua ya pili: diski nyingi za IDE zina jampa ya kupunguza ukubwa hadi GB 32. Tazama mchoro kama ipo slave pamoja na kipunguzo. Unapoteza zaidi ya nusu ya diski, ila bayosi itaikubali na utaweza kuwashia hiyo hiyo.

Ikionekana, igawe kwa `/stand/sysinstall`, uweke na kiwashio chake, kisha hamisha kila kigawanyo kwa dump (ya kunakili) na restore (ya kurudisha). Vigawanyo vipe herufi zile zile za diski ya zamani. Ukishaifanya master itaitwa ad0, na `/etc/fstab`, orodha ya vigawanyo vya kufunguliwa, hutaigusa.

fundi_darajani
Hii ya jampa ya GB 32 sikuijua. Shukrani mzee.

BintiMicheweni
Mzee wangu, Allah akuzidishie. Jampa ipo! Dmesg (taarifa za keneli wakati wa kuwaka) imeandika `ad1: 32253MB`, nikapiga kelele mpaka mama akaja mbio. Dump ya /home ililalamika mara mbili kusoma diski ya zamani, zote kwenye faili za muda, si za maneno. Jana baada ya isha nimeigeuza master na imewaka yenyewe. Nimefungua faili ya pepo, nikailinganisha na ya kwenye flashi kwa `cmp`: haikusema kitu, yaani zimefanana. Mistari yote ipo, mpaka neno la mwisho aliloliandika baba, ambalo hakuwahi kulitia maana. Ijumaa nakwenda Micheweni kuliuliza.