Tupeane uzoefu: mlioondolewa mtoto wa jicho, mliwekewa lenzi ya kuona wapi?

binti_wa_cherehani (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu. Mama yangu ni fundi cherehani, yuko Morogoro. Mwaka jana aliondolewa mtoto wa jicho (lenzi ya jicho iliyoingia ukungu), jicho la kulia, akawekewa lenzi ya bandia. Upasuaji ulikwenda vizuri mno. Kesho yake walipobandua bandeji akahesabu vidole vya muuguzi bila kubahatisha, na tulipotoka nje akawa ananionyesha mashamba kwenye Milima ya Uluguru, moja moja. Tulilia wote wawili pale getini.

Wiki chache baadaye akarudi kwenye kazi yake. Akashika uzi, akaleta sindano karibu, tundu halionekani. Akasogeza mbele, akarudisha nyuma, wapi. Siku ile hakula. Akasema jicho wameliua.

Jicho lilikuwa zima. Lenzi aliyowekewa ni ya kuona mbali, na lenzi ya bandia haijikunji na kujinyoosha kama ile tuliyozaliwa nayo, kwa hiyo kitu cha karibu lazima kisaidiwe. Alipewa miwani ya kusomea ya +2.50, akatunga sindano palepale dukani. Kinachoniuma ni kwamba mwezi mzima mama aliishi akiamini amepofuka upya, kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani wala kumwambia lenzi ile itamwonyesha wapi.

Naomba aliyepitia hili, au aliyemuuguza mzazi, aje aeleze. Uliulizwa? Uliwekewa lenzi gani? Baada ya hapo maisha yakawaje? Hata kama mambo hayakwenda sawa, semeni.

fundi_saa_msa

Shukrani kwa mada. Mimi natengeneza saa Mombasa tangu ujana. Kabla ya kupimwa nilimwambia daktari wazi: kazi yangu yote iko shubiri mbili kutoka usoni. Akanieleza kwamba lenzi haichukuliwi tu kabatini. Kuna mashine inapima urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma na mviringo wa konea (kioo cha mbele cha jicho), ndipo hesabu inatoka. Watu wazima wengi huangukia karibu na diopta 20 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), lakini daktari anaweza kuilenga lenzi kwa mbali au kwa karibu. Nikachagua karibu. Leo nafungua saa bila miwani, nikitoka barabarani navaa miwani ya mbali.

Kwenye upasuaji wenyewe nilichomwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho, hiyo ndiyo iliyouma kidogo. Kilichofuata ni kusikia mguso na kuona mwanga wenye rangi rangi.

Jambo moja kwa Waislamu wenzangu. Niliambiwa nisiiname kichwa chini mwanzoni na maji yasiingie jichoni. Nikaswali juu ya kiti kwa kuashiria, na kuhusu udhu nilimuuliza imamu wetu, akanielekeza. Usiache kuuliza kabla ya siku yenyewe, maana ukishafungwa bandeji unabaki na wasiwasi kila adhana ikilia.

binti_wa_cherehani

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Hiyo sentensi ya "shubiri mbili kutoka usoni" ningependa kila mtu aende nayo kliniki. Mkulima, dereva, mwalimu, anayesoma msahafu au Biblia jioni, kila mmoja ana umbali wake.

muuguzi_mstaafu_macho

Nimefanya kazi wodi ya macho miaka mingi, kanda ya kaskazini. Niongeze kidogo.

Lenzi ya jicho ni protini na maji. Ikiwa safi, mwanga unapita. Miaka ikienda, protini inagandana na kuwa nyeupe au ya manjano, kama ute wa yai unavyobadilika ukichemka. Ndiyo maana hakuna dawa ya matone wala mitishamba inayoirudisha kuwa safi. Kisukari, kuumia jicho na kutumia dawa za steroidi muda mrefu huharakisha.

Wakati naanza kazi, mgonjwa aliondolewa lenzi na hakuwekewa nyingine. Alipewa miwani mizito ya karibu +10. Vitu vinakuwa vikubwa kuliko vilivyo, pembeni huoni, na miwani ikivunjika kijijini umerudi gizani. Nimewaona bibi waliofunga miwani kwa kamba wasiipoteze. Lakini lenzi ya kupandikiza ilikuwapo duniani zamani. Daktari Harold Ridley aliweka ya kwanza London, hospitali ya St Thomas', tarehe 29 Novemba 1949. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ameona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vikikaa ndani ya macho ya marubani bila jicho kuvikataa. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Huku kwetu shida ikabaki bei, hadi watu wa hospitali ya macho ya Aravind kule Madurai, India, walipoanzisha kiwanda chao cha lenzi, Aurolab, mwaka 1992. Bei ikashuka sana, nasi tukaanza kuona lenzi kwenye kambi za macho.

Upasuaji wenyewe uko wa aina mbili, wa mashine na wa mkono. Ile ya mashine husaga lenzi ya zamani kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu lisilofika milimita 3, kisha lenzi mpya laini huingizwa imekunjwa. Ya mkono hufungua milimita 6 au 7 kwa mtindo wa handaki, na mara nyingi haihitaji nyuzi. Kwa mkono wa daktari mzoefu, matokeo ya kuona yanakaribiana sana. Msimdharau mzazi wenu aliyefanyiwa ya mkono kambini.

kijana_wa_Mwanza

Ya kwetu ni ya uchungu. Babu alianza kusoma gazeti bila miwani akiwa na miaka sabini na kitu. Tukafurahi, tukasema Mungu amemrudishia ujana. Kumbe ndiyo dalili yenyewe, lenzi ilikuwa inakuwa nzito na kumvuta kwenye kuona karibu, huku mbali kunazidi kufifia. Majirani wakamwambia asubiri hadi mtoto wa jicho akomae. Akasubiri. Alipofanyiwa, lenzi ikakaa vizuri, ila hakuona zaidi ya mwanga. Alikuwa na presha ya macho pia, na mshipa wa fahamu wa jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, ulikuwa umeshakufa kimyakimya.

muuguzi_mstaafu_macho

Pole sana mwanangu. Hilo la "subiri likomae" lilikuwa na maana enzi za upasuaji wa zamani. Siku hizi halina. Likikomaa kupita kiasi linakuwa gumu kulitoa, na lenzi iliyovimba inaweza yenyewe kupandisha presha ya jicho. Mzee akianza kushindwa kazi zake kwa sababu ya kuona, huo ndio wakati. Na apimwe presha ya macho, maana ile ikiharibu mshipa, hakuna lenzi itakayourudisha.

mama_pacha_254

Jamani msiwasahau watoto. Mmoja wa pacha wangu, kila tukipiga picha kwa simu yenye mwanga, jicho moja linatoka jekundu, la pili jeupe. Shemeji yangu ndiye aliyeshtuka. Kufika hospitali, ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao. Daktari akasema tushukuru tumewahi, kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona miaka ya mwanzo, na jicho lililozibwa linaachwa nyuma hata ukilisafisha baadaye. Alilazwa usingizi kabisa, si ganzi kama mtu mzima. Bado anavaa miwani na tunamziba jicho zuri kwa saa kadhaa ili lile lingine lifanye kazi. Analia, tunambembeleza, tunaendelea.

Na mjue weupe ule kwenye picha unaweza pia kuwa saratani ya jicho. Ukiuona, usingoje Jumatatu ijayo.

binti_wa_cherehani

Mama pacha, Mungu akupe nguvu. Nimetoka kuangalia picha zote za wanangu sasa hivi.

Mswahili_Muscat

Mimi nililipia lenzi ya kuona mbali na karibu kwa pamoja. Nasoma ujumbe kwenye simu bila miwani, raha kweli. Lakini usiku kila taa ya gari ina duara kuizunguka. Miezi ya mwanzo niliacha kuendesha baada ya magharibi. Sasa nimezoea, maduara bado yapo. Ningekuwa dereva wa masafa ya usiku nisingeichagua, na ni haki ya mtu kuambiwa hilo kabla hajalipa. Kitu kingine, nilipotoka pale rangi ya bluu ilinishangaza. Kanzu niliyodhani imechakaa na kuwa njano ilikuwa nyeupe.

Mzaramo_halisi

Wakuu, mama mkwe alifanyiwa miaka miwili nyuma, sasa ukungu umerudi. Mtoto wa jicho anaota tena?

muuguzi_mstaafu_macho

Haoti. Lenzi mpya inakaa ndani ya kifuko cha lenzi ya zamani, na ngozi ya nyuma ya kifuko hicho huweza kuingia ukungu. Inafunguliwa kwa mionzi ya leza (aina iitwayo YAG) mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti, dakika chache, hakuna kisu. Mpeleke. Aende na kile kikadi chenye stika ya namba ya lenzi, kama alipewa. Mnaoenda sasa, kiombeni na mkitunze pamoja na kadi ya bima.

dada_wa_Tanga

Baba ana sukari, wamemwahirisha hadi ishuke. Amekata tamaa. Na akishafanyiwa, nimwangalie nini nyumbani?

muuguzi_mstaafu_macho

Mwambie hawajamkataa. Sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona na vijidudu hupata nafasi. Waombe pia wamwangalie retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, sukari huigusa.

Nyumbani: matone kwa saa zilizoandikwa, na unawe mikono kwa sabuni kila mara kabla ya kumtilia. Ncha ya chupa isiguse jicho. Alale na kikinga jicho, asilifikiche, asikae jikoni penye moshi wa kuni. Kuwashwa kidogo na kuhisi mchanga ni kawaida. Ila maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likawa jekundu zaidi, au alikuwa anaona na sasa anaona kidogo, mrudishe siku hiyohiyo, hata kama miadi yake ni wiki ijayo na hata kama ni usiku.