Seva inayowaka usiku na mchana kwenye mita ya tarifu 4: ni haki?

Mpiga Picha Mbagala
Wakuu, habari za leo. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu. Napiga picha na video za harusi. Mteja anarudi baada ya miaka miwili anataka video yake, unakuta diski imekufa. Kuhifadhi mtandaoni kunalipiwa kwa dola kila mwezi, na kupandisha harusi moja ya gigabaiti 200 kwa bando sitaweza. Kwa hiyo nilinunua kompyuta kubwa ya mtumba, nikaitia diski nne, ikawa seva yangu ya kuhifadhia, inawaka saa 24 chumbani kwangu. Nimeipima: wati 100, haishuki.

Nyumba ina wapangaji watatu, mita moja, tarifu 4, ile ya bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo. Kabla ya seva tulikuwa tunamaliza uniti 60 kwa mwezi. Sasa wenzangu wananiambia nimewatoa kwenye umeme wa bei nafuu. Swali langu: anayeendesha seva nyumbani ana haki ya kubaki tarifu 4 au hana? Mimi nasema anayo, hapa ni nyumbani, si kiwandani. Na mbona dada wa chumba cha mbele ana friji la kuuzia barafu na hakuna anayemgusa?

Mzee wa Waya
Kijana, tupige hesabu kwanza. Wati 100 kwa saa 24 ni uniti 2.4 kwa siku. Siku 30 ni uniti 72. Tarifu 4 ni uniti 75 kwa mwezi kwa mita nzima. Mashine yako peke yake imekula mgao wa watu watatu, zimebaki uniti tatu za taa, feni, pasi na televisheni.

Sasa shilingi. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, ukiweka makato ya VAT, REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika 122. Kuanzia ya 76 ni 350, na makato inakuwa 427. Mlikuwa mnalipa 7,320. Sasa mko uniti 132: za mwanzo 9,150, na 57 za juu yake kama 24,300. Jumla ni 33,500 hivi. Hiyo 26,000 iliyoongezeka ni yako yote, usimgawie mtu.

Mama Vifuko
Mimi nimefika hapo kwenye barafu nikashindwa kuendelea. Nauza barafu na ubuyu tangu mwanangu wa kwanza yuko chekechea, sasa yuko kidato cha pili. Kila mtu akibanwa anakimbilia kutaja friji la mwanamke. Friji langu dogo ni kama uniti moja kwa siku, likishagandisha linazima lenyewe linapumzika. Mashine yako inapumzika saa ngapi?

Kibaha Maili Moja
Mama, na wewe usijitetee sana. Friji la barafu watoto wanalifungua kila dakika. Baridi yote inatoka, mota hailali. Nimepanga nyumba yenye mwuza barafu, najua ninachosema.

Mama Vifuko
Langu nafungua mwenyewe, asubuhi na saa kumi jioni, barafu nazihamishia kwenye dumu lenye maranda. Nyumba uliyopanga haikuwa yangu.

Mpiga Picha Mbagala
Mzee wa Waya, hesabu nimeielewa, ila mimi si kijana. Nina mke na mtoto, nalipa kodi ya chumba na leseni ya biashara. Mtu akiuliza swali la maana asianze kushushwa umri.

Mhasibu Kariakoo
Umesema mwenyewe una leseni ya biashara! Basi umejijibu. Tarifu 4 iliwekwa kwa ajili ya mtu wa taa na redio. Nakumbuka ukomo wake ulikuwa uniti 50, ukapandishwa kuwa 75 mwaka 2014, kwa ajili ya huyo huyo mnyonge. Nenda tarifu 1, ile ya kawaida, kama sisi wengine, 10,000 unapata uniti 28 na hufi.

Mpiga Picha Mbagala
Nikihamia tarifu 1 nawahamisha na wenzangu wasio na hatia. Uniti zao 60 zitakuwa shilingi 21,000 badala ya 7,000. Hilo mbona huliandiki?

Kibaha Maili Moja
Wote mnapigana wenyewe kwa wenyewe. Bwawa la Rufiji limeisha, megawati 2,115, mitambo tisa. Uniti imeshuka shilingi ngapi? Na juu yake tunakatwa kodi ya jengo 1,500 kila mwezi humo humo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mpangaji analipa kodi ya jengo la mtu mwingine!

Mhasibu Kariakoo
Sheria inasema kodi ni ya mwenye jengo. Mpangaji akikatwa kwenye LUKU anatakiwa akatoe kwenye kodi ya pango.

Kibaha Maili Moja
Nionyeshe baba mwenye nyumba mmoja aliyekubali kukatwa hiyo 1,500. Mmoja tu. Mimi nilipomtajia wangu aliniuliza kama nimechoka kukaa kwake.

Dereva wa Temeke
Wangu alikubali. Ila ni mwalimu mstaafu, mtu wa kumbukumbu, anaandika kwenye daftari.

Kibaha Maili Moja
Mungu amweke. Mtaa gani huo, nihamie?

Otieno wa Umoja
Jirani zangu, nyinyi mna bahati na hamjui. Huku Kenya bei ya chini ilikuwa mpaka uniti 100, Aprili 2023 ikateremshwa hadi 30. Seva yake huku ingekuwa imepita ukomo kabla tarehe 13 haijaisha.

Bint wa Ng'ambo, Unguja
Nyote mnaodharau barafu hamkukaa gizani. Kebo ya umeme ya baharini ilipokufa Disemba 2009, Unguja tulikaa bila umeme hadi Machi 2010. Samaki wa asubuhi adhuhuri keshaharibika. Aliyekuwa na jenereta na friji alikuwa ndiye mtu wetu. Mama Vifuko, mimi niko na wewe.

Mama Vifuko
Ahsante mdogo wangu.

Mzee wa Waya
Narudi kwa mwenye swali, na samahani kwa neno kijana. Ndugu yangu, video ya harusi ya mwaka juzi haina sababu ya kuzunguka kwenye diski saa tisa usiku. Unachohitaji ni kabati, wewe umenunua injini. Nakili harusi kwenye diski mbili za nje, moja iweke kwako, nyingine kwa mama yako mzazi. Mashine iwashe siku unayohariri. Ukitaka lazima kitu kiwake muda wote, chukua laptopu kuukuu iliyovunjika kioo, nyingi zinakula wati 10 hadi 15. Hizo 15 kwa mwezi hazifiki uniti 11. Mkatiko wa ghafla nao ndio unaoua diski, laptopu ina betri yake ndani.

Mhasibu Kariakoo
Hiyo bado ni biashara kwenye tarifu 4.

Mzee wa Waya
Na cherehani ya fundi wa barazani je? Tukianza kuwatoa, tutamaliza mtaa.

Mpiga Picha Mbagala
Mzee nimekuelewa, samahani nimeipokea. Nimeizima tangu jana usiku. Laptopu ninayo, kioo kimepasuka kweli.

Mama Vifuko
Umemjibu Mzee, umemjibu Mhasibu. Yule dada wa chumba cha mbele uliyemtaja mbele ya watu, umewahi kumuuliza anaweka shilingi ngapi kwenye LUKU?

Mpiga Picha Mbagala
Nimemuuliza leo. Katika ile 7,320 alikuwa anaweka 4,000 tangu alipohamia. Sisi wawili tulikuwa tunagawana iliyobaki.