Kikundi: Familia ya Kadutu

Neema, 21:04
Familia, salama. Naandika nikiwa jikoni, huku ndiko mlango unafunga. Kaka Pascal amerudi. Nilimsikia tangu ngazi za chini. Akipanda na kusimama, kupanda na kusimama, mimi najua tayari amelewa.

Patient, 21:06
Pole yaya. Tangu juzi napiga simu yake, haipatikani.

Neema, 21:07
Simu iko rehani kwa mama wa kanyanga, yule muuza pombe kali, tangu Jumanne. Dola 15. Leo amekuja kunidai mimi, mbele ya wateja, nikipima samaki wa sambaza.

Yaya Furaha, 21:09
Ee Mungu. Kesho asubuhi natuma kwa M-Pesa, ukomboe. Aibu hiyo hapana.

Neema, 21:10
Yaya, usitume.

Neema, 21:10
Ile ya Novemba ulituma, nikakomboa. Ilikaa siku nne.

Mjomba Déo, 21:15
Watoto, dawa ni moja. Mumufungie mu chumba siku tatu, maji na bugali tu. Itatoka. Miye sigara niliacha vile vile.

Espé, 21:18
Mjomba, kwa heshima zote, hapana. Sigara na pombe si kitu kimoja. Mtu aliyekunywa kila siku miaka na miaka, ukimkatia ghafla, mwili unashtuka. Masaa machache tu mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi hakuna. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya tatu wengine wanaona watu ambao hawapo, na hapo mtu anaweza kufa kabisa. Mimi nimewapokea kwenye zamu.

Neema, 21:20
Matanga ya Mama. Siku ya pili bila kunywa Pascal alianguka karibu na jiko la mbabula, povu mdomoni. Tukasema ni mapepo.

Mjomba Déo, 21:22
Na ni miye niliita watu wa maombi.

Espé, 21:24
Maombi hayamdhuru mtu, Mjomba. Ila akianza kutetemeka, kituo cha afya kwanza. Kuna dawa ya kutuliza mwili, diazepamu, inapunguzwa siku kwa siku, na vitamini B1. Wao ndio wanapima, si sisi nyumbani. Halafu SOSAME, hospitali ya akili ya mabruda, kwa matibabu yenyewe.

Patient, 21:25
Akikataa je?

Espé, 21:27
Tutamwambia tena. Lakini usiku huu msimguse na maneno, mtakuwa mnaongea na chupa. Asubuhi, kichwa kinapomuuma na ana haya, ndipo. Mtu mmoja, si kikao cha ukoo.

Neema, 21:31
Nataka kusema kitu, musinikasirikie. Nimechoka. Mtaji wangu naficha ndani ya mfuko wa unga wa mihogo, na usiku naamka kupapasa kama bado uko. Mtoto ananiuliza kila jioni: leo mjomba atakuwa yule wa kucheka ao yule mwengine? Kwaya nimeacha tangu Pasaka. Hakuna aliyeniuliza. Hata humu.

Yaya Furaha, 21:43
Nimesoma mara tatu. Huku Lubumbashi mimi nilikuwa nikituma pesa, nalala.

Yaya Furaha, 21:45
Basi. Kodi nitamtumia mwenye nyumba moja kwa moja. Franga mkononi mwa Pascal, hakuna. Deni la kanyanga, hakuna anayelipa tena, si wewe si mimi.

Neema, 21:46
Chakula nitampa. Ni ndugu yetu. Mama wa kanyanga namwambia kesho, mbele ya wale wale wateja.

Patient, 21:48
Ijumaa napanda bwato toka Goma. Nalala hapo mpaka Jumapili. Wewe Neema uende kwa Espé, huko Panzi, na mtoto.

Espé, 21:49
Kitanda kipo. Na mlango pia unafunga 😂

Mjomba Déo, 21:52
Jumatano jioni nitakuja kukaa naye. Sitamufungia.

Espé, 21:53
Neema, kama amelala chali mgeuze ubavu, akitapika asikabwe.

Neema, 22:06
Nimemgeuza. Sombe nimefunika na sahani. Viatu sijamvua, leo alale navyo.

Mjomba Déo, 22:09
Kwaya inaanza saa ngapi?

Neema, 22:10
Jumamosi saa tisa, Mjomba.